Siku Dative Alipomkana Dada Yake

Kila asubuhi, kabla Goma haijaamka vizuri, ukungu ulipanda kutoka Ziwa Kivu na kujaza vichochoro vya mtaa wa Mapendo. Dative, msichana wa miaka kumi na miwili, aliupenda sana ukungu huo. Akishasali na mama yake na kufagia ua, alisimama mlangoni akaota macho wazi. Nyumba za mbao zilififia, mlima ukatoweka, na mahali pake Dative akajenga alichotaka: jumba refu la vioo, na ndani yake dada yake mkubwa, Donatille, amevaa koti jeupe, anatazama maji katika chupa nyembamba.

Ndoto hiyo ilikuwa na chanzo chake. Donatille alikuwa na lisansi ya kemia, yaani shahada ya chuo kikuu. Siku alipoipata, majirani walimmwagia unga kichwani kumpongeza, hata nyusi zikawa nyeupe, wakaimba njia nzima. Lakini maabara alizoomba kazi, nyingine zilikuwa zimefungwa, nyingine hazikumjibu. Sasa alikuwa anasimama ufukweni na bomba la sindano, akitia dawa katika kila bidoni, yaani dumu, la maji yaliyotekwa ziwani, ili watu wasiugue kipindupindu. Kazi hiyo ilihitaji mtu anayejua kusoma tu.

Shuleni, Dative alisimulia vingine. "Dada yangu yuko katika maabara kubwa ya maji," alimwambia rafiki yake Katungu. Na kila Katungu alipouliza tena, maabara iliongezeka ghorofa.

Jumamosi moja mabomba ya mtaa yalikauka. Katungu, ambaye kwao maji hutoka uani, alikuja na bidoni la njano mkononi.

"Twende wote ziwani," alisema. "Mimi sijazoea kuteka. Utanionyesha."

Dative alitafuta sababu ya kukataa, hakuipata. Wakateremka.

Ufukweni watu walikuwa wamepanga mstari, na ukungu ulikuwa ukiwapita miguuni kama moshi wa jikoni. Donatille alikuwa mbele yao, amefunga aproni ya bluu. Kijana mmoja anayeuza maji kwa baiskeli alimpigia kelele: "Mama Lisansi, fanya mbio! Miaka yote ile chuoni, ulikuwa unasomea kufinya sindano?"

"Nilikuwa nasomea uvumilivu, kaka," Donatille akajibu. "Nawe ndiye mtihani wangu."

Watu wakacheka, hata kijana mwenyewe. Kisha Donatille akainua macho, na uso wake ukang'aa.

"Dative! Mbona hukuniambia unakuja? Leta bidoni, mutoto wa mama."

Katungu aligeuka. "Anakuita wewe? Unamjua?"

Dative alihisi ghorofa zote za maabara yake zikiporomoka. "Hapana," alisema. "Simjui huyu."

Mkono wa Donatille ulisimama hewani. Alimtazama mdogo wake kidogo, halafu akatabasamu kwa upole.

"Samahani, mutoto. Nimekufananisha na mdogo wangu."

Akatia dawa katika bidoni la Katungu, akafunga kifuniko, akageukia bidoni la mtu mwingine.

Dative alipanda mtaani kama mtu anayetembea chini ya maji. Katungu alikuwa akiongea kando yake, lakini sauti yake ilitoka mbali. Maneno mawili tu ndiyo yaliyomzunguka kichwani: mdogo wangu, mdogo wangu.

Jioni Donatille alirudi, mikono imekauka na inanuka dawa. Alimpakulia Dative maharage, akamwongezea na viazi, kama siku zote. Hilo ndilo lililomuumiza Dative zaidi. Walipopiga magoti kusali, kila mmoja alitaja jambo la kumshukuru Mungu. Ilipofika zamu ya Dative, machozi ndiyo yaliyotangulia.

"Nilimkana dada," alisema. "Nilisema simjui."

Mama yao, Mama Thérèse, alifumbua macho. Donatille akamvuta mdogo wake karibu.

"Nami nilikusaidia kudanganya," alisema. "Nilikuona unaogopa. Lakini usiku huu moyo unaniuma, Dative. Waniite Mama Lisansi, nitacheka. Wewe ukisema hunijui, sina cha kucheka."

"Lakini dada, kama lisansi inaishia ziwani, mimi ninasomea nini?"

"Hata mimi kuna siku ninajiuliza hivyo," Donatille alisema.

"Swali hilo tutalijibu," Mama Thérèse alisema. "Kwanza, ulichoharibu mbele ya watu, ukakitengeneze mbele ya watu."

Asubuhi, baada ya misa, Dative alimwita Katungu. Mama naye alibeba bidoni lake, wakateremka pamoja. Mbele ya mstari wote Dative akasema kwa sauti: "Katungu, huyu ni dada yangu Donatille. Hakuna maabara. Nilikudanganya, na jana nilimkana. Dada, nisamehe."

Katungu akasema, "Na mimi nilikuwa nakuonea wivu bure! Kaka yangu Laurent alisomea sheria, sasa anauza vocha za simu. Mteja akigombana naye juu ya chenji, anamhutubia kama yuko mahakamani."

Donatille alicheka mpaka akaweka chini bomba lake. Akamkumbatia Dative, bila kujali aproni yake iliyolowa maji.

"Dada," Katungu akauliza, "kwa nini dawa ikishatiwa tunangoja nusu saa ndipo tunywe?"

Donatille akaanza kueleza jinsi dawa inavyotafuta vijidudu na jinsi inavyohitaji muda kuvimaliza. Alieleza huku anafanya kazi, macho yanawaka, na watu wakasogea kusikiliza. Hata yule kijana wa baiskeli alisahau haraka yake.

Mama Thérèse alimshika Dative bega.

"Sikiliza sasa jibu lako," alisema. "Dada yako amepewa kazi ndogo kuliko elimu yake. Hilo si sawa, na sitaliita baraka. Tutaendelea kusali na kubisha hodi kwenye milango. Lakini mimi nauza viazi vinavyotoka Kibumba, na kila jioni naenda parokiani kujifunza kusoma, nikiwa na mvi hizi. Hakuna atakayenipa ofisi. Juzi nilisoma mstari mzima wa Zaburi peke yangu, nikalia kwa furaha. Kwa hiyo soma kwa bidii, mwanangu, kwa kuwa elimu hukaa ndani yako hata kazi ikichelewa. Na mtu wako ukimkuta katika kazi yoyote ya halali, usimwonee haya. Mwite kwa jina lake, watu wote wasikie."