Nyayo Upande wa Kulia

Saa moja asubuhi banda la Mpole lilikutwa wazi, na Mpole hayumo. Kufuli lilikuwa zima. Limefunguliwa kwa ufunguo, likaachwa likining'inia.

Mpole alikuwa farasi mzee aliyevuta mkokoteni wa maji mpaka magoti yakamchoka. Kituo cha kuokoa wanyama kilimchukua mwaka uliopita, na jioni hiyo mwalimu mmoja mstaafu, mwenye shamba, angekuja na daktari wa mifugo ampime, kisha ampeleke akamalizie uzee wake kwenye majani.

"Tumemtoa kwenye mateso, afande, leo wanatuibia!" Msimamizi wa kituo alimwambia Inspekta, mikono kichwani.

"Ufunguo anao nani?"

"Huwa tunautundika pale msumarini. Kila apitaye anauona."

Inspekta, mwanamke wa makamo asiyeanza kazi bila kuomba kimoyomoyo, alichuchumaa. Mvua ya jana ilikuwa imeacha tope laini. Kwato zilitoka mlangoni hadi kwenye barabara ya kokoto, zikapotelea hapo. Kando ya kwato kulikuwa na nyayo za buti, mwanzo hadi mwisho upande wa kulia wa mnyama. Alizichora, akazifunika kwa gunia.

Jirani, fundi cherehani, alikuwa amelalamika mara nyingi juu ya nzi wa kituo. Inspekta akaanza naye.

"Mimi nimwibe farasi?" fundi alicheka. "Kuku akinitazama vibaya naingia ndani! Muulize yule babu wa mkokoteni. Alfajiri alikuwa kwenye uzio, anaita kwa sauti ya chini kama mtu anayedaiwa."

Babu wa mkokoteni ndiye aliyekuwa mwenye Mpole. Inspekta alimkuta sebuleni, anakunywa chai na mkwewe aliyekuja kumtembelea mara ya kwanza tangu amwoe bintiye. Koti la babu lilikuwa na karoti mfukoni.

"Ulikuwa kituoni alfajiri?"

"Nilikuwepo. Nilisikia anaondoka leo, nikaenda kumuaga. Nimeita, hakutokea."

"Mbona hukupiga hodi langoni?"

Babu aliangalia sakafu. "Siku waliyomchukua, Msimamizi aliniita mchinjaji mbele ya watu. Nilimtumikisha kupita umri wake, sikatai. Tangu siku hiyo sijapata uso wa kwenda kumtazama."

"Maneno mazuri," alisema Inspekta, akamtia pingu.

"Afande, nakuomba. Si mbele ya mkwe wangu."

Pingu zililia. Mkwe aliinamia kikombe chake kana kwamba ndani yake kuna kitu cha kusoma.

Waliporudi kwenye kituo cha wanyama, Inspekta aliagiza aletwe farasi jike wa banda la pili.

"Babu, mtoe nje kama ulivyozoea."

Hata kwa mikono iliyofungwa, babu alikwenda moja kwa moja kushoto, akashika kamba chini ya kidevu. Inspekta akamwomba Msimamizi afanye vilevile. Naye akasimama kushoto.

"Kuna anayemwongoza farasi kutoka kulia?"

"Labda mgeni," alisema babu. "Na farasi hamfuati mgeni kwa upole hivyo."

Inspekta aliingia tena katika banda la Mpole. Asubuhi alikuwa ameangalia kufuli tu. Sasa aliona ndoo ya maji na nyasi vimesogezwa vyote kona ya kulia. Mwimo wa kushoto wa mlango ulikuwa umechubuka, na manyoya ya kahawia yamenasa kwenye mbao, mahali mnyama alipojigonga mara kwa mara. Uso ulimwaka kwa aibu ya kutoyaona hayo mapema.

"Babu," aliuliza alipotoka, "jicho la Mpole la kushoto lilikuwaje?"

"Zima! Macho yote mawili yalikuwa makali. Alikuwa akiona jani likianguka. Kwani lina nini?"

Inspekta alimgeukia Msimamizi.

"Aliyemtoa alikaa kulia kwa sababu ndiko Mpole anakoona. Babu asingejua, angeshika kushoto, na mnyama angeruka. Anayejua ni aliyeisogeza ndoo ile. Nani anamlisha?"

"Afande, mtu yeyote anaweza..."

"Nani anamlisha?"

Msimamizi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mimi."

"Yuko wapi?"

"Kwenye tanuri la matofali la zamani, ng'ambo ya barabara ya kokoto. Ana maji. Ana majani. Jicho la kushoto lilianza kutoa machozi. Nikadhani vumbi. Nikasema kesho nitamwita daktari. Kesho ikazaa kesho. Nilipomwita, jicho lilikuwa limekwisha."

"Ukamficha ili daktari wa mwalimu asione."

"Mwalimu angechukua farasi mwingine, halafu Mpole angepatikana. Ningemwambia nini? Nilisimama hapa nikamwita huyu mchinjaji, na jicho limefia mikononi mwangu." Hakuthubutu kumtazama babu.

Babu alikuwa analia bila sauti, akijifuta kwa pingu.

Saa kumi jioni mwalimu alielezwa yote, mbele ya Mpole aliyekwisha kurudishwa. Alimzunguka polepole, akaja kusimama upande wa kulia.

"Nilikuja kumtafutia mzee mwenzangu mahali pa kupumzika," alisema. "Sikuja kutafuta macho. Mimi mwenyewe sikio hili ni pambo tu. Mpakieni."

Gari lilipoondoka na Mpole, Msimamizi akipelekwa kuandika maelezo, ndipo Inspekta alipozikumbuka pingu za babu, akatoa ufunguo.

"Babu, nisamehe. Nilikudhania vibaya. Lete mikono."

Babu aliirudisha nyuma. "Hapana, mwanangu. Umenifunga mbele ya mkwe. Kunifungua unifungulie huku zizini, wanione mbuzi?"

Inspekta aliomba kimoyomoyo, na safari hii hakuomba msaada wa kazi. Kisha wakatembea, wawili, katikati ya mtaa, pingu zikionekana na watu wakichungulia milangoni. Kwa kila aliyechungulia, Inspekta ndiye aliyeinamisha kichwa.

Mkwe alikuwa bado sebuleni. Aliinuka. Inspekta alivua kofia, akapiga magoti ili aifikie vizuri mikono ya mzee aliyekwisha kuketi, akafungua pingu moja, kisha ya pili.

"Baba mkwe wako si mwizi," alisema. "Mwenye kosa ni mimi."

Mkwe alimtazama babu, kisha akasogeza kiti.

"Karibu chai, afande," alisema babu. "Ila ufunge mlango. Mtaa mzima uko nje."