Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Watu wa Mbumbuni, mnanijua. Mimi ni Kalunde, mke wa Kivuva mzee wa kanisa, na kwa miaka kumi na miwili ndimi niliyeshika birika la chai baada ya ibada. Haya ninayowasimulia yalitoka nyumbani kwangu, kwa hivyo asije mtu akasema nasengenya.

Mwaka wa 1985 tulikuwa na amani. Mvua ilinyesha vizuri, mbaazi zilizaa, na kwaya yetu ilikuwa ikivuta watu mpaka kutoka Kasikeu. Aliyeifundisha ni Mutie, fundi wa viatu, mtu wa maneno machache. Basi Mutie akaanza kukohoa. Akapewa dawa za TB miezi minane bila kupigwa picha ya kifua hata mara moja. Alipotema damu, mkewe Kaluki alimpeleka Nairobi, na huko ikaonekana ni saratani ya mapafu. Alitolewa pafu moja. Alirudi amekonda, lakini yu hai.

Mngedhani tulimpokea kwa vigelegele. Wapi! Kanisani kwetu mvuta sigara hutengwa. Hukaa benchi la nyuma, hashiriki meza ya Bwana, wala haongozi wimbo. Mume wangu aliposikia habari za mapafu alikata shauri siku hiyo hiyo.

"Hiyo ni ugonjwa ya sigara," Kivuva aliwaambia wazee wenzake. "Huyu mtu amekuwa akituficha. Akae nyuma mpaka atubu."

"Nilivuta nikiwa kijana, nikifanya kazi ya reli," Mutie akasema. "Niliacha siku ile niliokoka, mwaka wa sitini na tatu. Sasa Mzee, nitubu mara ngapi?"

Wakampeleka benchi la nyuma. Nami nikafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe kimoja cha bati, ili Mutie awe akinywea hicho peke yake. Hakuna aliyenituma. Niliona natunza afya ya kanisa, na nilijisifu moyoni. Kaluki alikitazama kikombe kile, akanitazama na mimi, akampelekea mumewe chai. Tangu siku hiyo hakuja tena kwangu kutwanga mahindi ya muthokoi.

Sasa sikieni la ndani. Mwaka uliofuata mume wangu naye akaanza kukohoa. Alikuwa akienda mwisho wa shamba, anakohoa huko, halafu anarudi kama hakuna kitu. Siku moja nikifua nguo nikaikuta leso yake ina damu.

"Baba Mumbua, twende hospitali," nikamwambia.

"Nyamaza, Mama Mumbua. Jumapili unataka nikae wapi?"

Nikaelewa. Aliliogopa benchi lile kuliko alivyoogopa kaburi, na ni yeye aliyekuwa akiwapeleka watu huko. Mimi nami nikamsaidia kuficha. Nilimchemshia majani ya mkaratusi, nikafua leso zake kabla watoto hawajaamka. Miezi minne ilipita hivyo. Suruali zikaanza kumvuka kiunoni, nami nikijiona mjane kila nikimtazama.

Jumapili moja ya Agosti akaja Mzungu. Jina lake Bwana Collins, mzee mrefu mwenye fimbo. Mgeni mweupe! Tulimweka kiti cha mbele karibu na mhubiri. Kina mama tukatoa vikombe vya udongo vyenye maua, vile vya harusi, tukampa chai kabla hata ibada haijaisha, pamoja na kikapu cha kyondo na jogoo. Mutie alikuwa nyuma kama kawaida. Mhubiri akamwomba mgeni awasalimu watu.

"Mimi natafuta rafiki yangu Mutie," Bwana Collins akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Sisi nalala hospitali, kitanda karibu-karibu. Ugonjwa moja, daktari moja. Mimi navuta kiko miaka thelathini, na watu naleta mimi maua. Mimi nakohoa wiki mbili tu, daktari napiga picha. Mutie nakohoa karibu mwaka, yeye napata dawa ya TB tu, kwa sababu yeye Mwafrika. Hii si haki. Iko wapi yeye?"

Kanisa lote likageuka kutazama nyuma. Mimi nilikitazama kile kikombe cha maua mkononi mwake. Uzi wa huyu ulikuwa wapi? Hata sikuufikiria. Aliyevuta miaka thelathini tulimpa jogoo, na ndugu yetu aliyeacha zaidi ya miaka ishirini tukampa benchi. Niliona aibu nikatamani kutoka nje.

Ndipo Kivuva akainuka kwenye kiti cha wazee. Tulidhani anakwenda kumleta Mutie mbele. Alipofika kule nyuma aliketi kando yake.

"Mutie, hata mimi natema damu," akasema, na wote tulisikia. "Nimeficha miezi nne. Niliogopa hii benchi. Nisamehe, halafu unionyeshe huyo daktari wako."

Mutie akamshika mkono. "Tutaenda kesho asubuhi, Mzee. Lakini usimeze dawa yoyote kabla hawajakupiga picha."

Picha ilipigwa. Kivuva alikuwa na TB. Saratani ya Mutie haiambukizi mtu, naye ndiye tuliyemfungia uzi. TB ya mume wangu huenda kwa pumzi, naye kila Jumapili alikuwa mlangoni akiwasalimu watu. Wengine wawili kanisani walikutwa nayo. Mmoja alikuwa binti yetu Mumbua.

Walitibiwa wote watatu wakapona. Mutie anafundisha kwaya kwa pafu moja. Akiishiwa pumzi, sauti ya pili hushika wimbo mpaka apumzike. Nami nilikipeleka kikombe kile kwa Kaluki, nikakata uzi mbele yake. Alikijaza chai, akanipa mimi ninywe kwanza.

MAFUNZO

Ndugu zangu, mgonjwa si mshtakiwa. Aliyepona saratani ya mapafu apokewe kama anavyopokewa aliyevunjika mguu, awe aliwahi kuvuta au hakuvuta, awe mweupe au mweusi. Ukikohoa wiki mbili nenda hospitali, na ukiona dawa haikusaidii, dai picha. Usikubali rangi yako ikujibie. Na benchi la kumwaibisha mwenzako usilitengeneze. Letu tulilipasua, tukapikia chai kwa kuni zake.