Hatua Sitini za Namkolo

Lango la Pumzi la Namkolo lilikuwa halimgusi mtu. Msafiri alisimama chini ya tao lake, akapumua mara moja, na kabla hajavuta pumzi ya pili mtambo ulikuwa umeshamtambua, umeshampima maradhi ya kuambukiza, na umeshaamua. Taa ikiwaka kijani, ukuta wa miale uliofuata ukingo wa mto ulifunguka upana wa mlango mmoja, ukampitisha, ukajifunga nyuma yake. Mhandisi Somoe Nangonga alikuwa ameutunza mtambo huo miaka tisa. Ukiumwa, aliujua kwa mlio wake tu.

Lango lilikuwa mali ya Shirikisho. Mji wa Namkolo, pamoja na visima vyake na zahanati yake, ulikuwa chini ya Jimbo. Ukame ulipoingia mwaka wa tatu, Gavana alisema hadharani kwamba Shirikisho linakaribisha wageni huku wenyeji ndio wanaokosa maji. Hakusema uongo. Alichofanya ni kuagiza korongo. Ndivyo watu walivyoyaita yale maroboti ya Jimbo, kwa miguu yake mirefu na myembamba. Alfajiri ya Jumanne yalijipanga hatua sitini nyuma ya lango, upande wa mjini, yakashikana mikono, na kila mkono ulipitisha umeme wa kumwangusha ng'ombe.

Watu kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kupita kabla Somoe hajalizima lango. Mbele yao kulikuwa na korongo, nyuma yao ukuta wa miale. Kurudi hawakuweza: kwa kumbukumbu za lango walikuwa tayari wamo nchini, na anayetoka nchini huhitaji kibali cha kutoka. Dirisha la vibali hivyo lilikuwa mjini.

Somoe alipaza sauti kwa Kamanda Nambunga wa Jimbo, aliyesimama nyuma ya korongo chini ya turubai.

"Afande, hawa wana vibali halali!"

"Vibali vyenu," Kamanda alijibu, bila ukali. "Havina muhuri wa Jimbo. Mmewaingiza ninyi, waondoeni ninyi."

Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa Biti Hamisi, fundi cherehani, mwenyeji wa Namkolo hapo hapo. Alikuwa amevuka kwenda kumzika dada yake, matanga yakarefuka, na insulini yake ya kisukari ikamwishia juzi. Alitaka kufika nyumbani tu. Nyumba yake ilionekana kutoka pale, bati lake la bluu.

Somoe aliomba dawa kutoka zahanati. Kamanda alisema ataipitisha pindi barua ya Mganga Mkuu wa Jimbo itakapofika. Ndegedawa, kile chombo kidogo kinachorusha dawa hadi vijijini, kilikataa kuruka, kwa sababu hakuna aliyeweza kukiambia anga la uwanja ule wa hatua sitini ni la nani.

Lakini kulikuwa na ufunguo. Somoe aliuvaa shingoni, chini ya sare. Sheria ya mipaka iliagiza kwamba ufunguo wa dharura ukizungushwa, kila mtambo ulioko mpakani, uwe wa yeyote, ulale kwa sekunde tisini. Zilitosha kwa mtu kutembea hatua sitini, hata akiwa mgonjwa.

Alipiga simu Makao Makuu ya Shirikisho.

"Usiuguse," alisema Mkurugenzi. "Kesho tuko mahakamani na Jimbo kuhusu uwanja huo. Ukiuzungusha leo, watasema lango letu limetushinda. Subiri idhini ya maandishi. Na Somoe, wewe una miaka miwili tu kabla ya pensheni. Usijiharibie."

Akasubiri. Alituma maji kwa kigari, akatuma na mwavuli. Saa sita mchana Biti Hamisi alimwita kwenye dirisha la wavu la kuzungumzia. Alikuwa ameketi juu ya mzigo wake, anahema haraka haraka, midomo imekauka ingawa alikunywa maji bila kikomo.

"Mwanangu, wamesema una ufunguo."

"Ninao, mama."

"Unafungua, haufungui?"

"Unafungua."

Mama yule alimtazama kwa mshangao, akingoja sentensi iendelee.

"Nasubiri idhini," Somoe alisema.

"Aa," alisema Biti Hamisi, kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa fulani hayupo nyumbani. Hakuuliza tena. Somoe alirudi kwenye kibanda chake cha langoni na kugeuza kiti, asiuone uwanja.

Idhini ilifika saa kumi na nusu. Aliuzungusha ufunguo, korongo yakainamisha vichwa, watu wakakimbia. Biti Hamisi alibebwa na wanaume wawili. Hakuwa akijitambua, na alifariki zahanatini kabla ya kupambazuka.

Mahakama ilisikiliza kesi wiki tatu. Mawakili waligombania nani mwenye mamlaka juu ya zile hatua sitini. Somoe alitoa ushahidi, na Shirikisho likashinda. Mkurugenzi alimpongeza mbele ya wenzake kwa nidhamu. Walipopiga makofi aliinamisha uso, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwenye nyumba ya bati la bluu. Binti wa marehemu, Mwalimu Rukia, alimkaribisha kiti. Mezani palikuwa na madaftari ya wanafunzi yakisubiri kusahihishwa.

"Tuliambiwa mitambo iligombana," alisema Rukia.

"Haikugombana. Nilikuwa na uwezo wa kuilaza tangu asubuhi. Niliogopea kazi yangu."

Rukia aliyasogeza madaftari kando. Jirani alikuwa akitwanga, na kinu kilisikika mpaka ndani.

"Umekuja nikusamehe?"

"Hapana, dada. Sistahili kuliomba hilo."

"Basi andika." Alimsogezea karatasi. "Uliyoniambia, yaandike. Nitayapeleka mahakamani, na gazetini."

Somoe aliandika. Alijua kazi imekwisha, na pensheni pia, lakini hilo halikumtetemesha kama macho ya yule mwalimu yaliyofuata kalamu. Alipomaliza, Rukia alisoma, akachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari chini ya maneno mawili: *Njia haikufunguliwa.*

"Haikufunguliwa na nani?"

Somoe alihisi uso unamwaka. Hata hapa, mbele ya mtoto wa marehemu, mkono wake ulikuwa umetafuta pa kujificha, na yeye hakuuona ukijificha. Alikata maneno yale. Chini yake aliandika neno moja, *Sikufungua*, akatia jina lake kamili na saini.

Rukia aliichukua karatasi, akaikunja, akamfungulia mlango bila kumuaga.