Mgongo wa Gitaa na Ahadi ya Saa Nne

“Usiniambie bado hujavaa!”

Mchumba wangu hakugeuka. Alikuwa ameinamia meza ya karakana yake, aproni imejaa vumbi la mbao, mikono yote miwili imekandamiza gitaa lisilo na nyuzi.

“Dakika kumi tu, mpenzi.”

“Dakika kumi ulizisema mara ya kwanza ulipotakiwa kuja kujitambulisha kwetu. Ukazisema na mara ya pili. Leo ni ya tatu! Shangazi na Baba Mdogo wamekaa sebuleni kwetu tangu saa nne.”

“Nisikilize. Mvua ilikatika jana, leo ndiyo mbao imekauka. Nikiunga mbao ikiwa na unyevu, ikija kukauka inapasuka. Nimepaka gundi mgongo wote, klampu mbili za kuibania zikanikatikia. Hapa kiunoni imebaki mikono yangu.”

Simu yangu ikalia. Ujumbe wa Shangazi. Nikamsomea kwa sauti:

“Chakula kinapoa. Huyo fundi yupo kweli, au ulimwota?”

“Mwambie nakuja.”

“Mwambie mwenyewe! Nimechoka kuwa msemaji wako. Miezi minane unagonga mbao kwa kidole na kuitegea sikio kama daktari. Ungenisikiliza mimi nusu ya hivyo, tungeshakuwa na watoto wawili.”

Akacheka. Hapo ndipo aliponimaliza. Nikachukua mkoba wangu.

“Nikivuka huo mlango, usinitafute tena.”

Kicheko kikamkatika. Alinitazama, akalitazama gitaa, kisha akaachia mikono. Akavua aproni.

“Twende.”

Nilikuwa nimeshinda. Ila nyuma yake niliuona mgongo wa gitaa unainuka taratibu pale kiunoni, gundi inachuruzika. Nilikuwepo alipoikwangua mbao ile siku baada ya siku, mpaka ikapitisha mwanga.

“Rudi!” nikapiga kelele. “Rudi ushike, mwehu wewe!”

“Si umesema…”

“Najua nilichosema! Shika!”

Nikatupa mkoba, nikakandamiza upande wa pili. Gauni langu jipya likala gundi. Kwa kidole kimoja nikampigia Shangazi, nikaweka spika.

“Shangazi, njooni nyinyi huku karakana.”

“Sisi ndio tumfuate mchumba? Mwanangu, una akili timamu?”

“Sina, Shangazi. Njooni tu.”

Walifika wamenuna. Baba Mdogo akaizunguka meza, mikono nyuma.

“Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama. Samahani, siwezi kutoa mkono.”

“Marahaba. Mara tatu unatuweka, kijana. Una la kujitetea?”

“Sina, Baba. Nimekosa.”

“Aliliachia gitaa anifuate,” nikadakia. “Mimi ndiye niliyemrudisha.”

Shangazi akanikodolea macho.

“Na unamtaka huyu huyu?”

“Ananichosha, Shangazi. Ananichosha mno. Lakini namtaka.”

Akakunja mikono ya gauni lake.

“Sogea huko. Nishike wapi?”

Tulilishika wote wanne, Baba Mdogo akimhoji kuhusu ukoo wake mpaka gundi ikashika.

Tulioana wiki sita baadaye. Bwana harusi alichelewa dakika ishirini, akaingia mbio na vumbi la mbao nyusini. Nikamfuta mwenyewe, kwa hasira, mbele ya watu wote.