Glavu Juu ya Meza ya Fundi

Mate ni siri ya kinywa. Ayatoaye hadharani ameifichua siri. Hivyo ndivyo Morena Zanasi alivyofunzwa na bibi yake. Kwa hiyo asubuhi ile ya Oktoba, katika ukumbi wa soko la vipuri vya kale mjini Modena, alisimama ghafla alipomwona mwanamume mrefu akilamba kidole gumba kwa upana wote wa ulimi, kisha akakipitisha juu ya uso wa marehemu babu yake.

Uso huo ulikuwa katika picha, na picha ilikuwa juu ya meza ya muuza makaratasi chakavu, baina ya taa za gari zilizopasuka na sahani ya mkate uliokaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Harufu ya mafuta hayo ilikuwa imetanda ukumbini kama shuka lisilofuliwa. Watu walisukumana, na makwapa hayakuwa na haya. Morena alikuwa amevaa koti la sufu la rangi ya maziwa na glavu za ngozi ya kijani, laini kama ganda la zabibu, na tangu alipoingia alikuwa hajagusa kitu.

"Wewe bwana! Unampaka babu yangu mate!"

Mwanamume aligeuka. Alikuwa na macho mazuri na shati baya.

"Babu yako? Huyu ni Ivo Zanasi! Na hili ni gari la mbio, aina ya Baraldi, namba ishirini na saba, lililotengenezwa moja tu duniani. Dada yangu, babu yako nimemtafuta miaka mitatu!"

"Na ulipompata ukamlamba."

"Nilikuwa nafuta vumbi nihesabu misumari ya usukani."

"Haya, ni mingapi?"

"Tisa," alisema, na uso ukamng'aa kana kwamba amepewa habari ya mtoto kuzaliwa. "Mimi nimeweka minane. Itanibidi niubomoe wote."

Morena hakutaka kucheka. Alicheka. Akaifuta picha kwa leso yake, akainunua kabla yule bwana hajafikia mfuko, kisha akampa.

"Chukua. Lakini ulimi wako ubaki nyumbani kwake."

"Na hizo glavu," alijibu yule mwanamume, akizitazama kwa uchu wa fundi, "ngozi ya mwanambuzi, sivyo? Nyembamba hivyo? Zinafaa kiti."

"Kiti cha nani?"

"Cha gari."

"Hushiki hata pindo lake."

Jina lake lilikuwa Loris Bergonzini. Kwa riziki alikuwa fundi wa kerezo, mashine ya kuchongea vyuma, kiwandani. Kwa mapenzi alikuwa akilijenga upya gari la Baraldi, lile lililomuua Ivo Zanasi katika mbio za kupanda mlima mwaka wa hamsini na tano, kwa kipimo cha sehemu moja ya nane. Simu zikaanza wiki ile ile.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula."

"Ulinawa kwanza?"

Akaanza kupiga mluzi.

"Loris!"

"Nilijifuta kwenye suruali."

"Suruali ipi?"

"Usiniulize mambo ya suruali, mpenzi. Niulize habari za breki."

Karakana yake ilikuwa chumba cha chini, nyuma ya ukumbi wa parokia, na mja mwenye pua asingeingia humo mara mbili pasipo sababu. Tina ya kuyeyushia rangi, gundi na jibini iliyosahauliwa vilikuwa vimeoana hewani. Ukucha wa kidole chake kidogo cha mwisho aliuacha ukue kama kijiko, maana aliutumia kukwangulia rangi. Siku moja Morena alimwona akichovya brashi katika kikombe, akapaka, kisha akakiinua kikombe hicho hicho akanywa kahawa.

"Nakutazama hivi nataka kutapika," alisema Morena.

"Basi geuka, utazame gurudumu."

Akageuka. Gurudumu lile, dogo kuliko kisahani cha chai, lilikuwa na spoku sabini na mbili za waya mwembamba mfano wa unywele, kila mmoja umepitishwa na kukazwa kwa kibano chini ya kioo cha kukuzia. Boneti ilifungwa kwa mikanda midogo ya ngozi yenye vifungo vya shaba. Chini yake zililala silinda kumi na mbili, na mabomba ya moshi yamejikunja kama vidole vya mtu aliyeshikilia jambo lake. Kiti tu ndicho kilikuwa hakijavikwa. Mkono mchafu kiasi kile ulitoa wapi kazi safi kiasi kile? Tangu siku hiyo kinyaa na mapenzi vilikaa ndani ya Morena kama wake wenza: nyumba moja, salamu hakuna.

Mwezi Februari alimletea Loris sanduku la bati la bibi yake, Bibi Ersilia, mjane wa Ivo. Ndani mlikuwa na picha, barua, miwani ya mbio, na glavu za kahawia za marehemu, zile alizovaa siku aliyokufa. Utotoni Morena aliruhusiwa kuzitazama, si kuzigusa. Sasa alitaka Loris azione picha. Kiti pekee cha kukalia kilikuwa kibichi kwa rangi nyekundu, na sakafu ilikuwa na mafuta. Akaliweka sanduku juu ya meza ya kazi, akambusu Loris mahali pasipo gundi, akaenda zake.

Hapo ndipo balaa lilipozaliwa. Maana mafundi wa magari madogo wa mji ule wana ada yao, wairithishanayo bila kuiandika: kilichowekwa juu ya meza ya fundi ni mali ya gari. Mjane akileta kipande cha bati la gari la mumewe akakiweka mezani, amekitoa. Hapana anayeuliza, kwa kuwa kuuliza ni kumtilia mtoaji shaka. Na heshima kuu katika ada hiyo ni kumrudisha marehemu ndani ya gari lake kwa kitu chake mwenyewe. Loris aliziona glavu, akalia. Kisha akachukua wembe.

Hakumwambia Morena. Alitaka siku ya Bibi Ersilia kutimiza miaka themanini kigari kile kiwe zawadi, na juu ya zawadi ile amwombe mjukuu mkono wa ndoa.

Aprili ilifika, na chama cha mafundi kikafanya maonyesho yake katika ukumbi wa parokia. Morena alikuja na gauni la bluu na viatu vipya. Loris alikuwa ametoka kutafuta balbu. Mbele ya kigari cha Baraldi alisimama Daktari Fantuzzi, mng'oa meno kutoka Bologna, mkusanyaji wa vitu vya waliokufa mbioni. Midomo yake ilikuwa na unyevu usiokauka. Alikuwa amekiinua kigari usawa wa uso, pua ameizamisha mahali pa dereva, akivuta pumzi ndefu, macho ameyafumba.

"Nusa, bibiye," alimwambia Morena, asijue ni nani. "Nusa tu. Hiyo ni glavu yake hasa. Fundi amenieleza mwenyewe. Jasho la maiti hilo! Miaka hamsini, na bado limo. Nimemwambia kiti hiki lazima kiwe changu."

Akalamba mdomo wa chini.

Morena alitazama. Kiti kidogo, cha kahawia, chenye mifereji iliyoshonwa kwa ustadi mkubwa. Na juu kabisa, penye egemeo la kichwa, alama ya kifungo cha glavu aliyoijua tangu utotoni. Alitoka mbio, akatapika chini ya mti wa mlozi uliochanua, juu ya viatu vipya.

Loris alimkuta hapo.

"Mpenzi! Umekula nini?"

"Usiniguse. Umemchuna babu yangu!"

"Morena, sikiliza, ilikuwa he—"

"Ulinipenda mimi au ulipenda sanduku? Sema! Yule mzee mwenye midomo ya konokono anamnusa Ivo Zanasi ndani kule, na wewe umemfungulia mlango!"

"Sikumuuzia! Nilimweleza tu kwa kujivuna, Mungu anisamehe, lakini—"

"Ulijivuna. Basi kajivune naye. Mikono yako inanitia kinyaa, Loris. Leo si kwa sababu ya gundi."

Akaondoka. Loris alipiga simu siku ile, na kesho yake, na wiki nzima. Mara moja tu ilipokewa.

"Morena?"

"Glavu ya pili i wapi?"

"Ipo nzima. Na vipande vyote vya ile nyingine ninavyo, hata kile kidogo kama kucha. Hatutupi kitu."

"Vilete kwa bibi, Jumapili. Umwambie kwa kinywa chako ulichofanya." Simu ikakatwa.

Loris alirudi karakanani, na kwa mara ya kwanza aliisikia harufu ya chumba chake. Aliutazama ule ukucha mrefu, ukamkirihisha, akaukata. Akanawa hadi viwiko. Kisha akakibomoa kiti alichokishona kwa siku kumi na tisa, uzi mmoja baada ya mwingine, akaiunga glavu upya chini ya kioo cha kukuzia, kidole kwa kidole.

Jumapili adhuhuri alisimama kwa Bibi Ersilia, shati limepigwa pasi. Bibi alikuwa mezani, nguo nyeusi, vipuli vya dhahabu, mbele yake bakuli la supu ya tortelini, vifundo vya tambi vyenye nyama. Morena alikaa kando bila kuinua macho. Loris alieleza yote, hata ile ada ya meza ya fundi, asijitetee, akaiweka glavu aliyoiunga mbele ya bibi, kando ya mwenzake isiyokatwa. Ilikuwa nzima, ila imejaa makovu, kama mkono uliotoka kwa mpasuaji.

Bibi Ersilia aliitazama. Akakisogeza kijiko mbali nayo.

"Ondoeni uchafu huu kwenye chakula changu."

"Bibi!" Morena aliruka. "Ni glavu ya babu!"

"Naijua ni ya nani kuliko wewe. Alinunuliwa glavu hizi na mwanamke wa Parma, mwenye duka la marashi. Kila akirudi mbioni zilinuka marashi yale, naye ananishika uso nazo. Ametoka kwake, ananishika uso! Alipokufa wakaniletea. Kuzitupa, ni za maiti, kuzigusa, siwezi. Nikazifungia kwenye bati." Akamgeukia Loris. "Na wewe bwana mkubwa, nilifurahi mwanzoni uliposema umeikata. Nikasema, hatimaye! Kumbe umekuja kunishonea tena!"

"Kwa nini hukuniambia?" Morena aliuliza.

"Ulikuwa ukizitazama kama kitabu cha sala. Ningekuambia nini?"

Alizichukua glavu zote mbili kwa koleo la makaa, akafungua jiko, akazitia ndani. Moshi wake ulinuka vibaya. Bibi akafungua dirisha, akaketi, akala.

"Supu inapoa. Asiyekula atoke."

Loris alitoka. Alitembea akijiona mchafu wa ndani, pasipofikiwa na sabuni.

Kesho yake alasiri, alikuwa akikitazama kigari kisicho na kiti aliposikia hatua. Morena alisimama mlangoni, koti la rangi ya maziwa, glavu za kijani.

"Pananukia sabuni," alisema.

"Nimeosha sakafu. Mara tatu."

"Na ukucha?"

"Nimeukata."

Akaingia, asikwepe kitu. "Mimi nilikuita mchunaji, na kumbe nilikuwa naabudu marashi ya mwanamke wa Parma. Tulikuwa tunanusa maiti, Loris. Wewe, mimi, na yule konokono. Sote."

"Ilinipasa kuuliza kwanza. Ada gani hiyo inayokataza kuuliza?"

"Ada yenu. Nayo nimeikumbuka njiani."

Alivua glavu ya kushoto, taratibu, kidole kwa kidole, akaiweka juu ya meza ya kazi.

"Kata kiti. Kijani. Babu atakalia rangi isiyo yake, na bibi atacheka."

Loris hakuigusa. "Nauliza: umeitoa?"

"Nimeitoa."

Kisha Morena akaulaza mkono wake mtupu mezani, kando ya glavu, kiganja juu. Loris aliutazama kama atazamavyo kitu ambacho wembe haupaswi kukaribia.

"Na huu? Nao umeutoa?"

"U juu ya meza ya fundi, au hapana?"

Kwenye ncha ya kidole cha pete kulikuwa na doa la rangi ya kijani, la ngozi ya glavu. Kwa mazoea ya miaka mingi, Loris alikiinua kidole gumba kuelekea ulimi.

"Ukilamba tu," alisema Morena, "nauondoa."

Akakishusha. Akaenda kuleta maji.