Barua ya Mfano

Foleni ya duka la fotokopi ilikuwa imefika barabarani pale Mwalimu wa Kiingereza alipojipenyeza hadi mbele, gauni lake la kijani likiwa na vumbi la chaki kwenye mikono, karatasi zimemjaa kifuani.

"Dada, foleni inaanzia kule," alisema fundi bila kuinua macho.

"Kaka yangu, nina wanafunzi thelathini na tisa. Kila mmoja kaandika hadithi yake. Nataka waione ikiwa kitabu."

Fundi akainua macho, na hapo ndipo kazi ilipoharibika.

"Kwa hiyo leo mimi ni mchapishaji?"

"Ukikubali."

Foleni ikanung'unika, lakini wapi! Wale wawili walishasahau kuna watu.

Kila mwezi Mwalimu akaleta karatasi, fundi akazishona kwa uzi na kuzitia jalada. Simu nazo hazikukatika.

"Umekula, mchapishaji wangu?"

"Nitakulaje? Nasoma hadithi za watoto wako. Kiingereza changu cha kuombea maji, lakini huyu wa mbwa aliyepotea kaniliza."

"Muongo!"

"Haki ya Mungu, mpenzi."

Hata dada yake fundi, aliyemsaidia dukani, alishaanza kumwita Mwalimu "wifi".

Sasa, Mwalimu alikuwa na desturi moja. Hakuwapa wanafunzi zoezi ambalo yeye mwenyewe hajaliandika kwanza. Wakisoma tamthilia, alichagua mhusika, akajitia ndani ya moyo wake, akaandika. Ndiyo maana watoto wake waliandika kwa raha.

Kikwazo kilikuwa mama. "Msomi mzima uolewe na mtu wa mashine? Hamlingani!" Binti akashikilia lake hadi mama akalegea. Ikapangwa Jumamosi fundi aje na mjomba wake kuposa.

Jumamosi ikafika. Viti vikapangwa, wajomba wakakaa, chai ikapoa. Hakuja mtu. Simu ikaita bila kupokelewa, kisha ikazimwa. Jumatatu, duka limefungwa.

"Si nilikwambia?" alisema mama.

Mwalimu alilia mpaka macho yakavimba, kisha akajikaza. Amtafute mwanamume aliyemwaibisha mbele ya wajomba zake? Thubutu! Na aliumia kila siku, wala tusidanganyane.

Mwaka ukapita. Mashine ya shule ikafa, na hakukuwa na duka jingine karibu ila lile lile, lililofunguliwa tena. Ndani alimkuta dada peke yake, uso umemkunjamana.

"Una roho ngumu wewe. Kaka yangu alihama mji kwa barua yako, leo unakuja kutoa kopi?"

"Barua gani?"

Dada akavuta droo. "Aliikuta kwenye karatasi za wanafunzi wako, siku mbili kabla ya posa. Alitaka kuichoma, nikaificha."

Mwandiko ulikuwa wake. *Mpenzi, mama ana haki. Hatulingani. Usije kuniposa.*

Lilikuwa zoezi: andika barua ambayo binti wa kwenye tamthilia anamwandikia mchumba wake. Maneno ya mama aliyachukua kwa mama yake mwenyewe. Angeyatoa wapi pengine?

"Nipe namba yake mpya," alisema.

Simu ikapokelewa mara ya kwanza tu.

"Fundi, ile barua haikuwa yako. Ilikuwa mfano wa darasani, barua ya binti wa kwenye tamthilia."

"Mbona hukuandika juu kwamba ni zoezi?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliona aibu. Maneno yale nilikuwa nayawaza mimi mwenyewe kila siku." Akavuta pumzi. "Nimeoa, Mwalimu. Miezi miwili sasa."

Mwalimu akashika kaunta.

"Yule binti," fundi aliuliza polepole, "kwenye tamthilia anaolewa na nani?"

"Na huyo huyo. Barua aliichana, hakuituma."

Nyuma ya simu mwanamke akaita kwamba chakula kiko tayari. "Nakuja," fundi akamjibu, kwa upole ule ule ambao Mwalimu aliujua. Mwalimu akakata simu yeye, asimwachie mwenzake kazi hiyo.

Dada alikuwa ameshawasha mashine, machozi yakimlengalenga.

"Nakala ngapi, wifi?" alisema kwa mazoea, kisha akaziba mdomo.

"Arobaini na moja," alijibu Mwalimu, akampa karatasi ya zoezi la darasa lake jipya.