Vishindo vya Kaagya

Haya yalimpata binamu yangu Rwekaza, na mimi nilikuwepo.

Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana, chuoni kwetu Bukoba. Wanafunzi wa muziki tulikuwa tukisikilizana kazi tulizotengeneza kwa kompyuta. Penina alirekodi mvua juu ya bati, akaigeuza kinanda. Tukapiga makofi.

Rwekaza, akingoja zamu yake, alinivalisha spika za masikioni.

Du. Du. Du.

"Ngoma gani hii?"

"Udongo. Juu ya jeneza la Felicitas."

Felicitas alikuwa mama yake wa kambo. Wageni walipokuja, alimfungia Rwekaza kwenye stoo ya kahawa na kuwaambia nyumba haina mtoto wa kiume. Siku ya mazishi, kule kijijini Kaagya, Rwekaza alirekodi kwa simu vishindo vitatu vya kwanza vya udongo, kisha akaondoka. Kompyuta ikavirudia, ikavirudia.

"Nimeshamzika mara elfu nne," akacheka. "Na bado."

Vestina, dada yake, alikuwa amekuja kusikiliza. Akamshika mkono.

"Futa, bojo, tafadhali. Umemtupia udongo mara elfu nne. Hujamfukia hata mara moja."

"Basi aje."

Zamu yake ilipofika, Rwekaza akaenda mbele, akabonyeza.

Du. Du. Du. Mdundo mzuri. Wengine wakatikisa vichwa.

Du. Du. Du. Ko.

Kishindo cha nne. Kikavu, cha mbao. Kilitoka chini ya ule udongo.

Nikasogea. Kwenye skrini, mahali pa kishindo kile, mstari wa sauti ulikuwa umenyooka, kana kwamba hakuna kilicholia.

"Umekiongeza?" nikanong'ona.

"Hapana."

Akazima. Haikuzimika. Akachomoa waya wa spika.

Kimya.

Kwetu sisi tu. Rwekaza alibana masikio kwa viganja. Macho yakamtoka. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Amefungua jeneza," akasema.

Akaanguka. Nilipomwondolea viganja, masikio yake yalikuwa yamejaa udongo. Mweusi, mbichi, kama wa chini ya migomba.

Hospitali waliutoa wote. Hiyo ni miezi miwili sasa.

Rwekaza yu hai. Anakula. Ila hasikii tunapomsemesha. Kila asubuhi Vestina humsafisha masikio kwa pamba, na kila asubuhi pamba hutoka nyeusi. Udongo unaongezeka. Sasa anaukohoa pia.

Jana Vestina aliniita nishike taa. Ndani ya sikio la kushoto kulikuwa na mzizi mwembamba wa mgomba. Aliuvuta taratibu.

Kutoka upande wa pili, kitu kikauvuta kurudi ndani.